Hadithi za giza wakati wa dhiki: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni wasomaji wachache tunaokutana Jumamosi upande wa Eastlands, Nairobi, kusoma na kubadilishana vitabu vya kutisha, vya upelelezi na vya dunia zilizoharibika. Kila anapokuja mgeni, maswali huwa karibu yale yale. Majibu haya nimeyaandika mimi. Wenzangu wameyapitia, na pale ambapo hatukukubaliana nimesema wazi.

Mnaposema hadithi za giza, mnamaanisha zipi?

Hadithi zenye mizimu, majini, mazimwi na wafu wasiotulia. Riwaya za upelelezi na za uhalifu. Na zile za maangamizi, ambamo ugonjwa, vita au utawala wa mabavu umeivuruga dunia na waliosalia wanajitafutia njia. Iwe ni kitabu, filamu, mchezo wa redio au simulizi ya mdomo stima zikipotea, kwetu yote ni mamoja. Hatuhesabu picha za maiti zinazosambazwa kwenye simu. Hizo zina swali lake hapo chini.

Mtu tayari amelemewa na maisha. Kwa nini ajiongezee hofu juu ya hofu?

Mara nyingi anayeuliza hili ni mtu anayempenda msomaji: mama, mume, rafiki wa kanisani. Anastahili jibu kamili.

Dhiki ya mjini haina umbo. Kodi inadaiwa tarehe tano, mkopo wa simu umepita siku, kibarua kimesimama, mzee yuko nyumbani kijijini anahitaji dawa, na shule imeandika barua ya karo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalobisha hodi na kujitambulisha kuwa ndilo adui. Unaamka saa tisa usiku moyo unadunda, wala hujui unakimbia nini.

Hadithi huipa hofu hiyo mahali pa kukaa. Kuna nyumba, kuna mlango usiofaa kufunguliwa, kuna kitu nyuma ya mlango. Mwili unafanya kazi uliyoumbiwa: moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, masikio yanasimama. Kisha sura inafika mwisho na mwili unapata ruhusa ya kutulia, baada ya wiki nzima ya kukaa macho bila kupumzika. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza jambo hili kwa nadharia inayojulikana sana katika masomo ya mawasiliano: msisimko wa mwili haukatiki papo hapo, hubaki kwa muda na kuitia nguvu hisia inayofuata. Kwa hiyo nafuu inayokuja baada ya kutishwa huwa nzito kuliko nafuu ya kawaida. Wengi wetu tunaijua bila nadharia yoyote. Ni ile pumzi ndefu unayoshusha ukifunga kitabu na kusikia jirani bado anaosha vyombo.

Pia kuna suala la mamlaka. Landilodi hawezi kusimamishwa katikati ya sentensi, lakini mzimu wa kitabuni unaweza. Unaweka kitabu chini, unachemsha chai, unarudi ukiwa tayari. Mtu ambaye wiki nzima ameamuliwa kila kitu na wengine hupata saa moja ambayo ni yeye anayeamua ataogopa kiasi gani.

Na kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hayo yote. Ukiwa na dhiki, watu hukuambia itakuwa sawa, jipe moyo, wapo wenye shida kuliko zako. Husema hivyo kwa upendo, lakini hukuacha peke yako na kile unachokiona. Hadithi ya giza huanza kwa kukubali: ndiyo, kuna kitu gizani, hukukosea kukisikia. Kuaminiwa hivyo kunafariji hata kabla tatizo halijaguswa.

Kuna utafiti wowote, au ni maneno ya wapenzi wa filamu za kutisha?

Upo, ingawa si mwingi. Aprili 2020, wakati korona ilikuwa imefunga nusu ya dunia, Coltan Scrivner na wenzake, akiwemo Mathias Clasen wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark, waliwahoji watu 310. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Waliopenda filamu za kutisha walionyesha dalili chache zaidi za msongo wa mawazo wakati ule. Waliopenda zile za maangamizi, kama za mazombi na za uvamizi wa viumbe kutoka anga za mbali, walihisi pia kwamba walikuwa wamejiandaa zaidi kwa yaliyotokea. Watafiti wanadhani hadithi ni uwanja wa mazoezi: unazoea kuhisi hofu na kuendelea kufikiri.

Utafiti huo hauthibitishi kwamba filamu ndizo zilizowapa watu hao uimara. Inawezekana wenye roho ngumu ndio wanaozipenda tangu mwanzo. Ukikutana na mtu anayekuambia sayansi imeshathibitisha, mwambie apunguze mwendo.

Ule mwingine ninaoupenda ulifanyika kwenye nyumba ya vitisho mjini Vejle, Denmark, ukachapishwa mwaka 2020. Wageni 110 walivalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, wakapitishwa katika vyumba vya kutisha. Walioburudika zaidi hawakuwa walioogopa sana, wala hawakuwa ambao hawakuogopa. Walikuwa katikati. Matokeo hayo yanatusaidia sana kila tunapomchagulia mgeni kitabu.

Haya si mambo ya kuiga kutoka nje? Waafrika tangu lini tukajiburudisha kwa mizimu?

Tangu kabla ya barabara ya lami. Uliza mzee yeyote hadithi alizosimuliwa akiwa mdogo, kisha hesabu ni ngapi hazina mtu aliyemezwa. Watoto wa pwani walisikia habari za msichana aliyetiwa ndani ya ngoma na zimwi, akazungushwa kijiji hadi kijiji akiimba, hadi sauti yake ikatambuliwa nyumbani kwao. Wakikuyu wana irimũ anayekuja ngomani akiwa kijana mtanashati kuliko wote, na chini ya nywele, kisogoni, ana mdomo wa pili. Nimewahi kuwasimulia habari za mdomo huo watu wazima wenye digrii, na nikaona mikono ikienda shingoni.

Tazama jinsi hadithi hizo zilivyosimuliwa. Zilikuwa za usiku, kazi zikiwa zimeisha, na jamii nyingi zilikataza kuzisimulia mchana. Watoto walikaa wamebanana, karibu na moto, karibu na nyanya yao. Msimulizi akiita "Paukwa!", wote wanajibu "Pakawa!", na kuanzia hapo kila mmoja anajua ameingia mahali ambapo zimwi lipo na mahali ambapo atatoka salama. Hofu ilitolewa kwa kipimo, mbele ya mtu unayemwamini, na ilikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Fasihi andishi ya Kiswahili iliufuata mkondo huo mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alichapisha *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Kuna mauaji mahali pa mzimu, na kila mtu yuko tayari kulaumu wafu, hadi mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anapoonyesha kwamba mkono uliofanya ulikuwa wa binadamu. Hebu fikiria faraja iliyomo humo kwa msomaji wa nyakati zile za misukosuko kuelekea uhuru: jambo linaloonekana kuwa la giza tupu linaweza kuchunguzwa, na mtu mtulivu anaweza kulifumbua.

Na hapa hapa Nairobi, mwaka 1978, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa kizuizini gereza la Kamiti aliandika kwenye karatasi za msalani riwaya ya Kikuyu ambayo Waswahili wanaijua kwa jina *Shetani Msalabani*. Humo kuna karamu ambapo wezi wa nchi wanashindana kutangaza ujuzi wao wa kuiba. Ilipotoka mwaka 1980, ilisomwa kwa sauti katika familia, ndani ya mabasi na baa, wasiojua kusoma wakisikiliza. Mtu aliye gerezani bila kushtakiwa angeweza kuandika kitabu cha kujiliwaza, chenye maua na mapambazuko. Aliandika habari za shetani, na wanyonge wakaketi pamoja kuzisikiliza.

Je, si kufungulia mapepo mlango?

Wengi wetu ni watu wa kanisa na wa msikiti, kwa hiyo swali hili hatulichukulii kijuujuu. Maandiko yenyewe hayakwepi giza. Katika 1 Samweli 28, mfalme Sauli anakwenda usiku, amejibadilisha nguo, kwa mwanamke wa Endori ili apandishiwe marehemu. Katika Marko 5 kuna mtu anayeishi makaburini, anajikatakata kwa mawe, na pepo aliye ndani yake anajitaja kuwa ni wengi. Sura ya 72 ya Kurani imeitwa kwa jina la majini. Hakuna anayesema kwamba kusoma habari hizo ni kuziabudu.

Lakini dhamiri ya mtu si ya kubishana nayo. Kama ukisoma habari za majini unashindwa kusali kwa utulivu, ziache, uchukue riwaya za upelelezi. Tuna wenzetu wawili ambao hawajawahi kugusa kitabu chenye mzimu, na hawajapungukiwa na chochote.

Hapo tu: kuna tofauti gani kati ya faraja ya upelelezi na ya vitisho?

Tofauti ni kubwa, na inategemea dhiki uliyo nayo.

Riwaya ya upelelezi humfaa aliyechoshwa na vurugu na uonevu. Kuna kosa, kuna maswali, na mwishoni mhalifu anatajwa jina mbele ya wote. Katika mji ambao faili zinapotea na kesi zinaahirishwa hadi mashahidi wanahama, kumwona mtu akifuata ushahidi hatua kwa hatua hadi mwisho ni chakula cha roho. Si ajabu aina hii ilistawi sana Uingereza kati ya vita viwili vikuu. Agatha Christie alianza kuandika riwaya yake ya kwanza Vita vya Kwanza vikiendelea, akifanya kazi katika duka la dawa la hospitali, ambako ndiko alikojifunza habari za sumu. Ilitoka mwaka 1920. Waliomsoma walikuwa wamezika vijana wengi mno waliokufa bila maelezo. Katika kitabu chake kifo kimoja kinapewa uzito wote, na hakuna anayelala hadi kieleweke.

Vitisho humfaa mwenye wasiwasi usio na sababu ya moja kwa moja. Hadithi za maangamizi humfaa anayeogopa kesho. Kafyu ilipoanza hapa tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, sikutegemea kwamba watu waliofungiwa na ugonjwa wangetaka kusoma habari za ugonjwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wa marafiki zangu. Walitaka kuona watu wengine wakikosa mkate, wakigombana na kusameheana, kisha wakifika mahali. Hadi kafyu inaondolewa Oktoba 2021, vitabu hivyo ndivyo vilikuwa vimechakaa zaidi kwa kupita mikono.

Nairobi yenyewe inatisha. Nisome za uhalifu wa Nairobi kweli?

Jaribu, ukiwa mahali salama. Kuna wanaopendelea zimwi wanalolijua. Kusoma habari za mtaa unaopita kila siku, River Road au Jogoo Road, na kukuta mtu ameutazama kwa makini hadi kuuelewa, hupunguza ule woga wa kutembea ukidhani kila anayekuja nyuma yako ana nia mbaya. *My Life in Crime* cha John Kiriamiti, kilichotoka mwaka 1984 na kuandikwa na mtu aliyefungwa kwa wizi wa mabavu, bado kinasomwa na vijana ambao wazazi wao walikisoma shuleni kwa kificho. Ila kama umeporwa hivi karibuni, subiri.

Mbona nisisome tu habari za mauaji kwenye simu? Si giza ni giza?

Hapana. Hapa ndipo watu wengi hujiumiza wakidhani wanajiburudisha.

Habari za simu hazina mwisho. Unasogeza kidole, linakuja lingine, na lingine, hakuna sura inayofungwa. Mwili unapanda tu. Zaidi ya hapo, aliyeuawa ni mtoto wa mtu, na mama yake huenda akaiona picha unayoitazama. Katika hadithi unaweza kusogea karibu na hofu bila kumdhulumu mtu yeyote. Katika habari unadaiwa: usikitike, utoe maoni, ukasirike, usambaze. Msomaji aliyechoka hana cha kulipa. Ushauri wangu kwa siku mbaya ni huu: habari dakika chache, mara moja, kisha simu iwekwe mbali na kitabu kichukuliwe.

Mke wangu anasema anayependa hadithi za mauaji ana roho mbaya.

Msomee ukurasa mmoja kwa sauti, umwulize anamhurumia nani. Karibu kila mara jibu ni aliyeuawa au aliye hatarini. Anayesoma hadithi hizi hukaa upande wa anayekimbia.

Ni lini zinaacha kufariji na kuanza kuumiza?

Naomba usipite swali hili.

Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyempoteza ndugu katika maandamano ya Juni 2024 hahitaji riwaya ya risasi. Aliyebakwa hahitaji kusoma tukio hilo katika sura ya pili bila kuonywa. Aliyenusurika mafuriko ya Mathare ya Aprili mwaka ule ule anaweza kuwa na shida na filamu ya gharika ambayo jirani yake anaicheka. Kwa hiyo huwa tunamweleza mgeni kilichomo kitabuni kabla ya kumpa. Wapo wanaosema hiyo inaharibu utamu. Kwangu, utamu wa kushtukizwa haufai kulinganishwa na usiku wa mtu asiyelala.

Dalili ni hizi: taswira za hadithi zinarudi mchana bila kuitwa, usingizi unapotea siku kadhaa mfululizo, unaanza kukwepa watu, au unasoma kwa sababu tu ukiacha utasikia maumivu yako mwenyewe. Hapo funga kitabu. Hadithi hufariji, haitibu. Kama unafikiria kujidhuru, au huzuni imekataa kuondoka, zungumza na mtu leo. Msalaba Mwekundu wa Kenya una laini isiyolipishwa, 1199, na hospitali ya Mathari kwenye barabara ya Thika huhudumia wagonjwa wa akili kila siku. Kwenda huko si aibu, na hakuna kitabu kinachochukua nafasi yake.

Na watoto?

Mazimwi wanayaweza, wasomewe na mtu mzima aliyekaa nao. Mtoto akiomba hadithi ile ile ya zimwi kwa mara ya kumi, mpe. Anajua mahali pa kuogopa na anajua kitakachofuata, na anafurahia ushujaa wake. Akisema basi, iwe basi, hata kama zimebaki kurasa tatu. Filamu za watu wazima zinazochezwa sebuleni huku mtoto akijifanya amelala kwenye kochi ni jambo lingine kabisa, na katika nyumba zetu za chumba kimoja hutokea sana. Yeye huona damu bila kusikia maelezo, na hana mkono wa kushika.

Vitabu ni ghali. Nitapata wapi?

Matawi ya maktaba ya Kaloleni na Makadara yalikarabatiwa na yako karibu na wakazi wa Eastlands. Maktaba ya McMillan katika Banda Street imekuwepo tangu 1931, ingawa Waafrika hawakuruhusiwa kuingia hadi 1958. Katikati ya jiji kuna wauzaji wa vitabu vya mtumba wanaovitandaza chini kando ya njia, wale wa inama. Riwaya za upelelezi hazikosekani kwao, na ukirudi mara mbili tatu watakuwekea. Za Kiswahili ni adimu zaidi. Ukiziona, usisubiri mwisho wa mwezi.

Nisome saa ngapi?

Ndani ya matatu, kama huna kichefuchefu. Foleni ya Thika Road jioni hupita upesi ukiwa na mpelelezi. Usiku, acha angalau nusu saa kati ya ukurasa wa mwisho na kulala, usome kwenye karatasi badala ya simu ukiweza, na kama unaishi peke yako anza na visa vifupi vinavyoisha kwa mkao mmoja. Kitabu kilichoachwa katikati ya hatari saa sita usiku hulala na wewe.

Lazima hadithi iishe vizuri ndipo ifariji?

Hapa ndipo tunapobishana zaidi. Mwenzetu mmoja, muuguzi, hasomi kitabu kabla hajachungulia kurasa mbili za mwisho. Kazini ameona miisho mibaya ya kutosha, hataki kuilipia tena. Ninamwelewa, na ninapomchagulia kitabu ninaheshimu sharti lake. Mimi nahitaji tu hadithi iwe imeisha kweli: yule aliyekuwa akikimbia tujue alifika wapi, na aliyekufa awe ameliliwa na mtu mmoja angalau. Mwisho wa huzuni ulioandikwa kwa uangalifu huwa unanituliza kuliko mwisho wa furaha uliobandikwa haraka. Mgeni akija, tunampa viwili, kimoja cha kila aina, na wiki inayofuata anatuambia ni kipi alikimaliza.